UZI: Mwaka wa tisa huu sili nyama wala samaki, hapa hapa Tanga. Karibuni tuulizane

Bint Makorora (mleta uzi)

Habarini wagosi, na ninyi mlio mbali na nyumbani.

Juzi nilikuwa kwenye harusi Ngamiani. Tumekaa mkekani wakina mama, sinia la pilau kati, mie nachukua kachumbari na ndizi upande wangu kimya kimya. Shangazi wa bwana harusi akaniona. "Mwanangu, mbona huli?" Nikamjibu kwa adabu: "Shangazi, mie sili nyama." Akainuka mwenyewe, mtu mzima, magoti yanamsumbua, akaenda jikoni akanirudia na sahani ya kuku.

Sikucheka, na nawaomba msicheke. Shangazi alinielewa sawasawa. Kwetu nyama ni ya ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Ukisema "mie nakula mboga tu" ndiyo umeharibu kabisa, maana mtu akiuliza "leo mboga nini?" jibu linaweza kuwa changu wa kukaanga. Chochote kinachoteremsha ugali ni mboga. Imenichukua miaka kupata maneno yanayofika: "Sili kilichochinjwa wala kilichovuliwa." Hapo mtu anatulia, anafikiri, kisha anauliza: "Sasa unaishi vipi?"

Hilo swali ndilo limenileta hapa. Kila nikisoma habari za watu wasiokula nyama nakuta vyakula ambavyo soko la Mgandini hawavijui. Maziwa ya lozi, jibini ya korosho, soseji za soya zilizogandishwa. Mtu wa Tanga akisoma anaona hayo ni maisha ya watu wengine. Nami nasema jiko la pwani lilikuwa tayari kabla hatujasikia hayo majina. Asubuhi mbaazi za nazi na maandazi. Mchana wali na maharage, au bada (ugali wa muhogo) na mchunga, uchungu wake siupati popote pengine. Jioni magimbi ya nazi, au boga, au ndizi mzuzu. Kuna kunde, choroko, fiwi, njugu mawe. Kuna matembele, majani ya maboga, mlenda, bamia, biringani, nyanya chungu. Kabichi, karoti na hoho zinateremka kutoka Lushoto kila siku. Bajia za kunde zipo kila kona. Nazi tunayo, machungwa ya Muheza tunayo. Sijawahi kununua kitu kigeni.

Nilianza bila kukusudia. Ramadhani moja hali ya nyumbani ilikuwa ngumu, tukafuturu mwezi mzima bila kitoweo: uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, maharage. Idi ilipofika nikaona siitamani. Nikasema nitangoje mpaka hamu irudi. Haikurudi. Huruma kwa wanyama ilikuja baadaye, mkono ulipokwisha kuzoea, na siku hizi nikipita machinjioni nageuza uso. Lakini sitawadanganya kwamba ndiyo iliyonianzisha.

Kwa hiyo jikoni si kugumu. Kugumu ni ukumbini, na kwa mama ntilie. Unaagiza kisamvu, unakuta kimetiwa papa mkavu. Mchicha una dagaa. Bajia zimekaangwa mafuta yaliyotoka kukaanga samaki. Anayekuuzia anashangaa: "Si kidogo tu, cha kuleta ladha?" Hana ubaya wowote. Ameona mchicha mtupu ni aibu kumpa mteja.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

Mtoto wa Mkonge

Dada, nakuheshimu, lakini nina langu.

Nimezaliwa kambini, baba mkata mkonge. Bada na kisamvu, Jumatatu mpaka Jumapili. Nyama tuliiona Krismasi. Darasa la tatu nilikuwa najipaka mafuta ya kupikia midomoni kabla ya kwenda shule ili wenzangu wadhani nyumbani tumekula nyama. Leo nina kazi. Kila Jumamosi nanunua kilo yangu na naibeba mkononi mpaka nyumbani, mama yangu aione naingia nayo. Halafu nasoma kwamba kile chakula cha kambini ndicho chenye afya, ndicho cha kujivunia. Samahani, inauma.

---

Bint Makorora

Kaka, nimeisoma mara tatu kabla ya kuandika.

Una haki. Aliyenyimwa hakuchagua, na mie sina mdomo wa kumwambia aache kitu ambacho jana hakuwa nacho. Endelea kuibeba hiyo kilo, mama aione.

Ila nisahihishe moja, pengine sikueleza vizuri. Bada na kisamvu wiki nzima sicho chakula ninachokisema. Muhogo hauna protini ya maana, ni wanga mtupu. Majani yake ndiyo yanayo, lakini kwa mtoto anayekua kijiko cha kisamvu pembeni ya bonge la bada hakitoshi. Kilichokosekana kambini kwenu ni nyama, na pia maharage, karanga, kunde, maziwa, matunda. Mlikosa vyote. Mtu asiyekula nyama kisha akabaki na ugali na mchuzi wa nyanya anajirudisha huko huko ulikotoka, na nimewaona wanaofanya hivyo wakijisifu.

Tazama makande ya Wapare na Wasambaa. Mahindi yana upungufu wa kiungo kimoja cha protini kinachoitwa laisini. Maharage yanayo tele, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiingia chungu kimoja vinakamilishana. Bibi zetu hawakuwa na maabara lakini walijua kazi ya siku nzima shambani inahitaji chakula gani. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kinampa kama 15, konzi ya karanga inampa kama 7. Inafika, ila lazima uikusudie.

---

Mtoto wa Mkonge

Hapo nimekuelewa. Makande nayala mpaka leo, hayo sikuyachukia kamwe.

---

Mwanafunzi wa Madrasa

Assalaam alaykum. Dada yangu, nakukumbusha kwa wema. Katika Surat al-Maida, aya ya 87, Mwenyezi Mungu anatukataza kuharamisha vizuri alivyotuhalalishia. Na Idi ya kuchinja unafanyaje? Nauliza nipate kujua, sikukusudia kukuhukumu.

---

Bint Makorora

Wa alaykum salaam, ustadh, na ahsante kwa namna ulivyouliza.

Sijaharamisha. Nyama ni halali, na nikimsikia mtu anasema kula nyama ni dhambi nampinga. Kutokula na kuharamisha ni vitu viwili. Wewe umesoma kuliko mie, unaijua hadithi ya dhabbu, yule mnyama wa jangwani wa jamii ya mjusi. Imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliletewa, akaurudisha mkono wake. Khalid bin al-Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa hapana, ila mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake Mtume na nafsi yake haimtaki. Khalid akamvuta akamla, na Mtume anatazama. Hakukatazwa mlaji, hakulazimishwa asiyetaka. Mie nimejiegemeza hapo.

Idi yetu iko hivi. Kwetu Mashafii kuchinja ni sunna iliyotiliwa mkazo, na sitaki kuikosa. Tunashirikiana ng'ombe mmoja watu saba kama sheria inavyoruhusu, na fungu langu lote linakwenda kwa wasio na uwezo wa kuchinja. Mume wangu na watoto wanakula nyama, na mie ndiye ninayewapikia. Siwezi kuonja, kwa hiyo binti yangu ndiye anayeonja chumvi. Amekuwa hodari wa viungo kunishinda.

Kwenye shughuli sitangazi. Nachukua wali wa pembeni, kachumbari, chapati. Nikijua mapema naenda kwa mwenye shughuli siku moja kabla na bakuli langu la kunde au mbaazi, namwambia "hili nimeliongezea shughuli." Linaliwa na watu wote, nami napata pa kuchota. Ni dawa bora niliyoipata kwa miaka tisa. Ukienda mkono mtupu ukaanza kueleza, unamvunjia mwenyeji uso. Ukienda na bakuli umemsaidia.

---

Nesi Mstaafu

Nimengoja mtu aseme, naona kimya. Mwanangu, vitamini B12?

---

Bint Makorora

Mama, umenifikia penyewe. Nilikuwa naiogopa sehemu hii.

Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa nakunywa maziwa na kula mayai. Kisha nikasoma habari za watu walioacha vyote vya wanyama. Chama cha kwanza cha namna hiyo kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Nikavutiwa na uthabiti wao, nikaacha maziwa na mayai pia. Nilichoruka katika kusoma ni kwamba wenzetu hao siku hizi wanahimizana kula vyakula vilivyoongezwa B12 au kumeza vidonge. Mie nikajisemea mchicha unatosha.

Mwaka wa nne wa kuacha maziwa, nyayo zikaanza ganzi. Nilidhani ni kandambili mpya. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka nikila limau. Nachoka kupanda ngazi nne. Naweka nazi motoni nasahau mpaka tui linaungua, nami si mtu wa kuunguza tui. Nilikaa na hayo miezi minane kabla ya kwenda kupima, kosa ni langu peke yangu. Nikachomwa sindano za B12, mwanzo za kufuatana, kisha za mwezi mwezi. Nguvu zilirudi ndani ya wiki chache, akili ikatulia. Lakini kidole kikubwa cha mguu wa kushoto hakijapata hisia kamili mpaka leo, na mwaka wa pili huu.

Siku hizi nakunywa maziwa mgando na kula mayai, na kidonge juu. Walioacha vyote siwapingi. Nawaambia tu: kidonge si hiari.

---

Nesi Mstaafu

Ahsante kwa kusema wazi, wengi huficha. Niongeze kwa wasomaji wengine.

B12 hutengenezwa na bakteria, na sisi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina ya kutegemewa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kisichoonekana kwa macho. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana mtu anaacha leo, anajiona mzima mwaka wa kwanza, wa pili, akasema madaktari wanatisha watu. Akiba inakwisha bila kubisha hodi.

Na kuna mtego. Mboga za majani zina foleti nyingi, vitamini nyingine ya kundi B, nayo inaweza kuzuia damu isionyeshe dalili ya upungufu huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Mtu anapimwa damu, anaambiwa haina tatizo, miguu inakufa ganzi. Mishipa ikikaa muda mrefu bila tiba haipati kupona yote. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasijaribu jambo hili bila kumwona mtaalamu. Mtoto hana akiba ya mtu mzima. Na ninyi wa kisukari mnaotumia metfomini, hata kama mnakula nyama, nayo hupunguza B12. Pimeni.

Madini ya chuma nayo. Chuma cha kwenye mimea mwili hukipokea kwa shida kuliko cha nyama. Vitamini C inakisaidia, chai inakizuia. Sasa sisi tunamaliza kula tunateremshia chai ya rangi. Isogezeni mbele saa moja au mbili, mahali pake kaeni na chungwa la Muheza, au mkamulie ndimu kwenye mchicha. Maharage na kunde lowekeni usiku, mmwage yale maji. Maharage mekundu yachemke kwa moto mkali kwanza, yakiliwa mabichimabichi yana sumu inayotapisha. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe muda mrefu, kwa sababu muhogo una sianidi. Akina mama wa Tanga hilo wanalijua, nawaambia waliokulia mjini.

---

Mkulima wa Mwani

Sie huku Mkinga tunalima mwani. Kuna mtu aliniambia ukila mwani hiyo B12 unaipata. Kweli?

---

Nesi Mstaafu

Usiutegemee, mwanangu. Baadhi ya mimea ya baharini ina kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Kula mwani kwa mengine.

---

Bint Makorora

Ila dada wa Mkinga, kazi yako inahusu uzi huu kuliko unavyodhani. Mwani mnaouanika unakwenda nje kutolewa karaginani, ya kuzitia uzito aiskrimu, maziwa na vyakula vya kugandishwa. Kitu kinachofanya kazi kama hiyo ni jelatini, nayo hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Kwa hiyo kuna mtu mahali fulani, Mwislamu au asiyekula nyama, anakula kitindamlo kwa amani kwa sababu ninyi mliingia majini alfajiri kufunga kamba. Sijui kama aliyewanunulia aliwahi kuwaambia. Bei mnayopewa nayo haioneshi.

---

Mkulima wa Mwani

Hakuna aliyetuambia. Nitawasomea wenzangu kesho.

---

Mgosi wa Soni

Kabichi unayoisifu ni yangu. Huku Soni hatuna mashamba makubwa. Ng'ombe wangu yuko bandani, nakata majani namletea, samadi yake ndiyo inayootesha karoti zenu. Ndama dume akizaliwa sina pa kumlisha, anakwenda kwa mchinjaji, na hela yake ndiyo ada ya mtoto. Mkila mboga mjue imo ndani.

---

Bint Makorora

Nimejua, mgosi, na sitajifanya sijasikia. Hata maziwa ninayokunywa yana ndama dume nyuma yake. Sina jibu linaloondoa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mkono wangu umepunguza, haujamaliza. Na ng'ombe wa bandani kwako ana jina, nadhani. Afadhali karoti yake kuliko ya shamba lisilomjua mnyama yeyote.

---

Mgosi wa Soni

Anaitwa Tausi.

---

Msabato wa Same

Kwetu Upare jambo hili si geni. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika mwaka 1903, na mafundisho ya afya tumekua nayo. Nyama ya nguruwe ni mwiko, kutokula nyama kabisa ni ushauri tu. Wazee wengi kanisani kwetu wanaishi kwa makande, parachichi na ndizi. Karibu ututembelee, hutaletewa kuku.

---

Kijana wa Chumbageni

Mie naona ni kasumba za Wazungu tu, mtanisamehe.

---

Bint Makorora

Mdogo wangu, wewe wa Chumbageni ndiye ungelijua kuliko mie. Majirani zetu Wahindi wamekaa Tanga vizazi na vizazi, na familia nyingi za Kihindu hazijawahi kuingiza nyama jikoni. Chapati na dengu za kwao tumezila tangu watoto. Wazungu walipoanzisha chama chao cha wasiokula nyama kule Ramsgate, Uingereza, mwaka 1847, India ilikuwa na vizazi vingi vya watu hao. Tena kijana mmoja kutoka Gujarati, Mohandas Gandhi, alikwenda London kusomea sheria mwaka 1888, akiwa amemwapia mama yake kutogusa nyama. Alikaa na njaa, anakula mkate na mboga za kuchemsha zisizo na chumvi, mpaka alipopata mkahawa wa wasiokula nyama. Baadaye akaingia kwenye kamati ya chama cha wasiokula nyama cha London. Sasa hapo nani alimletea mwenzake?

Sitaki kusema kila jambo ni letu. Lakini nazi, kunde na mchunga havikuja na meli ya jana.

---

Kijana wa Chumbageni

Nimekubali la Wahindi. Lakini mishikaki ya Barabara ya 12 siachi.

---

Bint Makorora

Sijakuomba uache. Ila jambo moja, kwa sababu wewe bado kijana: mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kufanya hivyo. Mishikaki ya mara moja kwa wiki sikutishi nayo. Soseji za kila asubuhi zitafakari.

---

Mke Mpya Pongwe

Dada nimesoma uzi wote. Mume wangu ameambiwa na daktari apunguze nyama, nami sijui kupika mbaazi zikawa kama za pale stendi Kange. Nielekeze.

---

Bint Makorora

Hongera ya ndoa, mwali.

Loweka mbaazi kavu usiku. Asubuhi mwaga maji, chemsha kwa maji mapya bila chumvi mpaka ukibonyeza kwa vidole zinasagika. Wakati zinaiva kaa kwenye mbuzi ukune nazi mbili. Kamua kwa maji ya uvuguvugu, chuja kwa kifumbu, tui zito liweke pembeni. Rudia chicha lile lile kwa maji zaidi upate tui jepesi. Tui jepesi litie kwenye mbaazi pamoja na kitunguu, bizari kidogo, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na sasa ndipo chumvi. Likipungua, punguza moto, tia tui zito. Usitie nyanya.

---

Mke Mpya Pongwe

Nimejaribu leo. Ladha nzuri lakini tui limekatika, limekuwa mabongemabonge na mafuta juu. Nimekosea wapi?

---

Bint Makorora

Uliacha kukoroga, au ulifunika. Tui zito likishaingia husogei. Shika upawa, chota na umimine, chota na umimine, mpaka lichemke mara moja kwa upole, kisha epua. Hata mgeni akibisha hodi, mwambie akungoje.